Jamshid al-Kashi, mpimaji wa yaliyopinda

Ukitoka Makambako ukaipita Njombe na kushika njia ya Ludewa, utafika mahali ambapo barabara inaacha kwenda na kuanza kuzunguka. Kipande cha kutoka Lusitu hadi Mawengi ni cha zege, urefu wake kilomita 50, na kinapanda na kushuka kwa kona baada ya kona kwa sababu mlima haukubali kukatwa moja kwa moja. Mwenye kupima njia ile kwa rula juu ya ramani, kutoka nukta hii hadi ile, atapata hesabu ndogo sana, na akiagiza saruji kwa hesabu hiyo zege litamwishia porini.

Mpwa wangu mmoja alifika huko kufuata kazi za upimaji na hakurudi tena mjini. Ana kompyuta yake ya kupakata, anachora ramani za nyumba na za mifereji, na chaji anaipata kwa umeme wa mtambo mdogo wa maji wa huko huko Mawengi. Nilikwenda kumtembelea, lakini sitaficha kwamba nilikuwa na jambo jingine moyoni.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nyanda hizo kuna msikiti mmoja mdogo ambao sisi jamaa tulio Dar es Salaam tulichangia kuujenga. Ulibaki kuba. Kipenyo chake chini ni mita 6, mbavu za nondo zilikwisha kupindwa na kuchomelewa, na kilichotakiwa ni bati za kuifunika. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu na msomi, alichukua kitabu cha shule akapiga hesabu ya nusu tufe. Akapata mita za mraba 56 na nusu. Kamati ikanunua bati kwa hesabu hiyo pamoja na ziada kidogo ya vipande vya kukatwa. Fundi akafunika, akafunika, bati zikaisha na sehemu ya juu iko wazi. Akasema hazikutosha. Ndugu msomaji, unajua mambo yanavyokwenda. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, ila kila mmoja alimwita hivyo nyuma yake, nami ni mmoja wao. Fundi akakusanya vyombo vyake akarudi Makambako.

Mpwa wangu aliposikia hayo hakubishana. Alifungua kompyuta, akaweka picha ya ile kuba aliyoipiga kwa simu, akaanza kuweka nukta ukingoni mwake, na mstari uliopinda ukazifuata nukta zile kama utepe. Kisha akauzungusha mstari ule kwenye mhimili wa katikati, kuba ikasimama kwenye kioo, akaiuliza mashine eneo lake. Jibu likaja: mita za mraba 62 na kitu, na hicho kitu kilikuwa na tarakimu nane baada ya nukta.

Kwa nini tofauti? Kwa sababu kuba yetu haikuwa nusu tufe. Ilikuwa na ncha, kama kitunguu. Na hapo nikamkumbuka mtu mmoja aliyefariki karibu miaka 600 iliyopita ambaye aliandika jambo hilo hilo kwa uwazi kabisa, kwamba watu wa vitabu wanapima kuba na matao wanayoyawaza, na mafundi wanajenga mengine. Makala ya wiki hii ni ya maisha yake.

Jina lake ni Ghiyathuddin Jamshid bin Masud al-Kashi. Alizaliwa yapata mwaka 1380 katika mji wa Kashan, Iran. Mji huo ulikuwa maarufu kwa vigae vya rangi, hata Wafursi wakaviita vigae hivyo kwa jina la mji, kashi. Mtoto wa mji ule alikulia mbele ya kuta za maua na nyota zilizopangwa kwa hesabu, na kila kigae kilikatwa na mkono wa mtu aliyelipwa kwa kipimo. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya mambo yote aliyoyafanya baadaye. Nasema tu kwamba kwake yeye hesabu haikuwa kitu cha darasani peke yake.

Zama zake hazikuwa za raha. Timur, ambaye vitabu vya Ulaya vinamwita Tamerlane, alikuwa akizivamia nchi hizo toka mji hadi mji, na al-Kashi mwenyewe aliishi ujana wa ufukara, akihama huku na kule. Timur alikufa mwaka 1405. Mwanawe Shahrukh akashika madaraka, hali ikatulia kiasi, na mara moja tunamwona al-Kashi akijitokeza. Tarehe 2 Juni 1406 yuko Kashan, anaangalia kupatwa kwa mwezi na kuandika aliyoyaona. Mwaka uliofuata, ndani ya mwezi wa Ramadhani wa mwaka 809 Hijria, akamaliza kitabu alichokiita Sullam as-Samaa, yaani ngazi ya mbingu, juu ya umbali na ukubwa wa sayari na nyota.

Hakuwa na mshahara. Mwanachuoni wa zama zile aliishi kwa kutafuta mtawala wa kumtabaruku kitabu, naye alifanya hivyo bila kuona haya. Mwaka 1413 na 1414 alitengeneza zij, yaani majedwali ya kukokotolea mahali pa jua, mwezi na sayari, akayapeleka kwa kijana mmoja aliyekuwa akitawala Samarkand. Kijana huyo alikuwa Ulugh Beg, mwana wa Shahrukh na mjukuu wa Timur. Mwaka 1416, akiwa bado Kashan, akaandika juu ya chombo alichokibuni yeye mwenyewe, bamba la duara lenye alama ambalo mtu hulizungusha akapata mahali pa sayari bila kupiga hesabu ndefu. Huo nao ni mchoro unaokokotoa. Tusidhani kwamba wazo la kuuliza mchoro nao ukajibu lilianza na kompyuta.

Yapata mwaka 1420 akaitwa Samarkand, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Ulugh Beg alikuwa mtawala wa ajabu. Babu yake alisifika kwa upanga, yeye akajenga madrasa iliyofundisha hesabu na elimu ya nyota pamoja na elimu za dini, na mwenyewe akahudhuria mijadala. Al-Kashi alimwandikia baba yake kule Kashan, na barua mbili zimetufikia. Ndizo zinazotufanya tumjue kama mtu, maana vitabu vya hesabu havina mwandishi ndani yake.

Katika barua hizo anamsifu mtawala wake kwa hifadhi ya Qur'ani na kwa akili ya hesabu. Anasema mjini mlikuwa na wanahisabati sitini hadi sabini. Kisha anaanza kujisifu. Anaeleza maswali yaliyowashinda wenzake ambayo yeye aliyajibu kwa muda mfupi. Namna ya kuchora nyota 1,022 juu ya asturlabu yenye kipenyo cha dhiraa moja. Namna ya kuchora mistari ya saa juu ya ukuta ulioelekea upande wa mshazari. Namna ya kutoboa tundu ukutani ili mwale wa jua upenye wakati wa alasiri tu, kwa wakati unaohesabiwa na Imam Abu Hanifa. Upeo halisi wa macho ya mtu mwenye kimo cha dhiraa tatu na nusu. Katika wote waliokuwapo, anayemheshimu kwa dhati ni Qadi Zada ar-Rumi, na hata huyo anamsema kidogo.

Nimesoma watu wanaomtetea al-Kashi kwa majivuno yale, eti alikuwa anamtuliza mzee wake. Huenda. Mimi naona alikuwa mtu mwenye kipaji ambaye alikaa miaka mingi bila kutambuliwa, na alipotambuliwa hakuweza kunyamaza. Waandishi wa baadaye wanaongeza kwamba hakujua adabu za baraza la mfalme, na Ulugh Beg alimvumilia kwa ajili ya elimu yake. Sifa hiyo nampa Ulugh Beg. Wakubwa wangapi leo wanaweza kumvumilia mtaalamu asiyejua kupiga magoti?

Kazi kubwa ya pamoja ilikuwa kituo cha kuangalia nyota nje ya mji. Ndani yake walijenga chombo ambacho ni tao moja la mawe, sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 40 hivi, nusu yake ikiwa imechimbiwa chini ya kilima na nusu ikipanda juu. Jua lilipopita adhuhuri mwanga wake uliangukia kwenye tao hilo, na nyuzi zikasomwa. Kwa ukubwa ule kila nyuzi moja inachukua sentimita 70 hivi za jiwe, kwa hiyo mtu anaweza kuigawa nyuzi hiyo vipande vidogo sana na bado akaviona kwa macho. Lakini fikiria kazi ya waashi. Jiwe likikaa nje ya duara kwa upana wa kidole, hesabu za nyota za mwaka mzima zinaharibika. Al-Kashi alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo, na bila shaka pale alijifunza kuishi na mafundi, kujua wanachokiweza na wasichokiweza.

Mwezi wa Shaaban 827, yaani Julai 1424, akamaliza risala juu ya mzingo wa duara. Hapa naomba uwe na subira, kwa kuwa hapa ndipo alipo yeye hasa.

Mstari ulionyooka unapimwa kwa rula. Uliopinda rula haiukubali. Tangu zama za Archimedes njia ilikuwa moja: weka ndani ya duara umbo la pande nyingi zilizonyooka, weka jingine nje yake, pima hizo pande, na ukweli utakuwa katikati. Archimedes alitumia pande 96. Wengine baada yake, wakiwemo Abul Wafa na al-Biruni, walikwenda mbele zaidi. Al-Kashi aliwasoma akawakosoa, na kosa alilowaona nalo si kwamba pande zao zilikuwa chache. Kosa lilikuwa kwamba walihesabu kwanza, kisha wakaona wamefika wapi.

Yeye akaanza upande wa pili. Akauliza: ni kosa kiasi gani linalovumilika? Akajiwekea sharti ambalo hakuna aliyemtaka aliweke. Chukua duara kubwa kuliko yote yanayofikirika, la ulimwengu mzima kama walivyoujua, lenye kipenyo mara 600,000 ya kipenyo cha dunia. Mzingo wake uhesabiwe, na kosa lisifike upana wa unywele mmoja wa farasi. Kutoka kwenye sharti hilo akarudi nyuma kuhesabu anahitaji pande ngapi. Jibu likawa aanze na pembetatu na kuzidisha pande mara mbili, mara 28. Umbo lake likawa na pande 805,306,368. Kila hatua ilidai kutafuta kipeo cha pili cha namba ndefu, kwa mkono, kwa hesabu ya sitini, na aliweka majedwali ili kosa la hatua moja ligundulike kabla halijaingia hatua ya pili. Mwisho akatoa uwiano wa mzingo na nusu kipenyo, kisha akauandika pia kwa desimali: 6.2831853071795865. Tarakimu zote 16 baada ya nukta ni sahihi. Ulaya ilimpita mwaka 1596, kwa mkono wa Ludolph van Ceulen.

Tumezoea kwenye mihadhara yetu kutaja mambo haya kama vikombe vya mpira. Sisi tulikuwa wa kwanza, wao wakatuibia. Habari za al-Kashi hazihitaji hivyo. Desimali hakuzianza yeye, maana al-Uqlidisi aliziandika Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi alizieleza kwa utaratibu zaidi. Lakini lile swali lake la kwanza, kosa kiasi gani linavumilika, ni lake kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine kabla yake, na ni swali ambalo mweka hazina wetu hakuuliza, wala kamati, wala mimi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 3 Jumada al-Ula 830, sawa na Machi 1427, akamaliza kitabu chake kikubwa, Miftah al-Hisab, ufunguo wa hesabu. Kina sehemu tano: namba nzima, sehemu za namba, hesabu za wanajimu, upimaji wa maumbo, na kutafuta kisichojulikana. Alikiandika kwa ajili ya makarani, wafanyabiashara, wapimaji na wajenzi, si kwa wanachuoni tu. Na mwisho wa sehemu ya nne akaweka mlango ambao wenzake waliuruka: upimaji wa majengo.

Pale ndipo anapolalamika. Anasema wa kale wakipima tao walilichukulia kuwa nusu ya mwanzi uliopasuliwa, na yeye katika majengo ya zamani na mapya hakuona tao la namna hiyo. Aliyoyaona yana ncha juu. Kwa hiyo akayachukua matao kama yanavyochorwa na mafundi wenyewe kwa bikari. Akaeleza namna tano za kuyachora, ncha ikizidi au kupungua kwa kadiri ya upana wa tao, na kwa ajili yao akatoa namba zilizokwisha kukokotolewa. Fundi hakuhitaji kujua zilitoka wapi. Alipima upana na unene, akazidisha, akapata.

Kisha kuba. Alilichukua tao lenye ncha akalizungusha kwenye mhimili wake wa katikati, jambo lile lile alilolifanya mpwa wangu kwenye kioo. Umbo linalopatikana si tufe, na hakuna kanuni fupi ya kitabuni inayolipima. Akalikata vipande vya pete, kimoja juu ya kingine, kila pete ikihesabiwa kama kipande cha pia iliyokatwa kichwa, akazijumlisha. Matokeo akayatoa kwa namba mbili. Zidisha kipenyo cha chini kwa kipenyo, kisha kwa 1.775, utapata eneo la nje. Zidisha kipenyo mara tatu kwa nafsi yake, kisha kwa 0.306, utapata ujazo. Kwa nusu tufe, namba ya eneo ni 1.571 tu.

Weka mita 6 za msikiti wetu. Nusu tufe inatoa mita za mraba 56 na nusu, kama mweka hazina alivyosema. Kuba ya al-Kashi inatoa karibu 64. Tofauti ni mita za mraba 7 na zaidi, nazo si mabaki ya kukatwa. Simaanishi kwamba kuba yetu ni ile ya Samarkand, kwa kuwa kila fundi ana mkunjo wake. Namaanisha kwamba mtu aliyekufa mwaka 1429 angeiona kuba yetu kwa mbali tu, angejua kwamba bati hazitoshi.

Akaendelea hadi kwenye mukarnasi, yale mapambo ya vijumba vidogo vinavyoning'inia kwenye pembe za milango na kuba kama masega ya nyuki. Aliyagawa aina nne kwa majina ya mafundi. Akachagua kipimo kimoja, upana wa chini wa kijumba kikubwa, akaonyesha namna ya kupima vyote kwa hicho. Vijumba vilivyopinda akachora mkunjo wao, akaupima, akatoa namba ya kuzidishia. Kwa nini mtu aliyepima ulimwengu kwa unywele wa farasi ahangaike na plasta ya dari? Wataalamu wa siku hizi wanaona kwamba plasta, rangi na dhahabu zilinunuliwa kwa eneo, na ujira wa fundi nao huenda ulifuata eneo hilo hilo. Pasipo na kipimo, mwenye mali anamdhani fundi na fundi anamdhani mwenye mali. Al-Kashi hakuhubiri juu ya jambo hilo, alitoa jedwali.

Pwani yetu nayo ilikuwa na kuba zama hizo. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, msikiti mkuu uliongezwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa karibu karne moja kabla ya Miftah. Hesabu za waashi wale hazikutufikia. Ila mwenye kusimama chini ya mawe yale anajua kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa anapima, kwa kamba au kwa fimbo, na kwamba hakukisia.

Turudi kidogo kwenye kompyuta, maana vijana wetu wengi wa Kariakoo na Magomeni wanaishi kwa programu hizi. Mstari unaopinda kwa hiari, ambao wachoraji wanauita splaini kwa jina la ule utepe mwembamba wa mbao uliotumiwa na wachoraji wa meli, kwa kawaida hauna kanuni fupi ya kuupima urefu. Mashine inafanya alivyofanya al-Kashi. Inaukata vipande vidogo vidogo, inapima, inajumlisha, na inakata zaidi mpaka kosa liwe dogo. Inafanya kwa nukta moja ya sekunde jambo lililomchukua yeye siku nyingi. Lakini lile swali la kwanza haiulizi. Mpwa wangu aliweka nukta zake kwa jicho, juu ya picha ya simu iliyopigwa mtu akiwa amesimama chini. Nukta moja ikikosea kwa upana wa kiganja, zile tarakimu nane baada ya nukta ni pambo. Mashine ilipima kwa usahihi mkubwa kitu ambacho hakikuwa kuba yetu.

Al-Kashi aliishi miaka miwili tu baada ya Miftah. Alikuwa akishughulika na saini ya nyuzi moja, namba ambayo majedwali yote ya nyota yanaitegemea na ambayo haipatikani kwa kipeo cha pili peke yake. Akabuni njia ya kuikaribia hatua kwa hatua, kila jibu likirudishwa ndani ya hesabu ili litoe jibu bora zaidi. Tarehe 19 Ramadhani 832, sawa na tarehe 22 Juni 1429, akafariki kwenye kile kituo cha nyota nje ya Samarkand. Kazi ya majedwali aliiacha kwa Qadi Zada, kisha kwa kijana Ali Qushji. Yalipotoka, Ulugh Beg alimtaja kwa heshima kubwa katika utangulizi. Mtawala mwenyewe aliuawa mwaka 1449 kwa njama ya mwanawe wa kumzaa. Kituo kikabomoka, watu wakachukua mawe, mahali pakasahaulika hadi mwaka 1908 Vasily Vyatkin alipochimba na kulikuta lile tao chini ya udongo, alama za nyuzi zikiwa bado zinasomeka. Wafaransa hadi leo wanafundisha kanuni moja ya pembetatu kwa jina lake, na watoto wao wengi hawajui kama Kashan ni mji. Allah amrehemu.

Mpwa wangu alichapa karatasi yake akashuka nayo Makambako kumtafuta fundi. Nilikwenda naye, ingawa miguu ilikuwa mizito. Tulimkuta anachomelea geti. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza picha ilipigwa mtu akiwa amesimama wapi. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. Akasema ukiwa chini ncha inajificha, kwa hiyo kuba hii ya kwenye karatasi ni fupi kuliko ile aliyoipinda yeye. Akaenda kwenye boksi la vyombo akatoa kamba ya katani yenye mafundo. Alikuwa ameilaza juu ya ubavu mmoja toka chini hadi ncha, kisha akaizungusha kuba nzima mahali sita, kila fundo na mahali pake. Hesabu yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya seremala ndani ya kifuniko cha boksi, pete kwa pete, na jumla yake ilikuwa mita za mraba 63 na robo, kabla ya mabaki ya kukatwa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema alisema, siku ya kwanza, kabla bati hazijanunuliwa, na aliambiwa hesabu zimekwisha kupigwa na msomi.

Kamati imeniomba nimwandikie barua ya kumrudisha. Nimeiandika mara tatu. Yeye ameshatuma jibu kwa mdomo, kwamba atakuja bati zikiwa tayari, ila anataka kujua nauli ya mara ya kwanza atairudishiwa na nani.